Mtoeni Mtoto Ndani Leo!

Ndugu msomaji, wewe unajua.

Unaijua nyumba ninayoisema. Huenda ni ya jirani, huenda ni ya shangazi yako, huenda ni hiyo hiyo uliyoketi ndani yake sasa. Mna mtoto humo. Mguu wake mmoja haukukua sawa na wa pili, au mkono wake ni mfupi, au kimo chake kimesimama wakati wenzake wanarefuka. Wageni wakibisha hodi, anaambiwa aende chumbani. Wenzake wakienda uwanjani, anaambiwa abaki kulinda nyumba. Shule ikiandika majina ya wachezaji, lake linarukwa.

Unajua kuwa si haki. Hukuhitaji mtu aje kukuambia. Dhamiri yako imekwisha kukuambia, usiku na mchana, na hujawahi kuibishia. Umeiahirisha tu! Umesema, akikua kidogo. Umesema, mwakani mambo yakitengemaa. Umesema, tutaona.

Mtaona lini?

Ninakuita leo, na nina shahidi. Shahidi wangu ni binti wa Nigeria, jina lake Mariam Eniola Bolaji. Lishike jina hilo! Wasomee wanao jina hilo! Mtajie kila mzazi aliyekata tamaa jina hilo!

Jumatatu, Septemba 2, 2024, mjini Paris, binti huyu aliingia uwanjani kwenye Michezo ya Paralimpiki akiwa na raketi mkononi na umri wa miaka 18. Mchezo wake ni badminton, mpira wa vinyoya. Mbele yake, upande wa pili wa wavu, alisimama Oksana Kozyna wa Ukraine. Walikuwa wanawania medali ya shaba, na nafasi ilikuwa moja tu.

Mariam alishinda. Alishinda kwa seti mbili mfululizo, bila kuhitaji ya tatu.

Sasa sikia uzito wa jambo hilo! Badminton iliingia kwenye Olimpiki kama mchezo wa medali mwaka 1992, kule Barcelona. Ikaja Atlanta, ikaja Sydney, ikaja Athens. Ikaja Beijing, ikaja London, ikaja Rio, ikaja Tokyo. Miaka 32 ilipita, na hakuna mchezaji hata mmoja wa nchi yoyote ya Afrika aliyevishwa medali ya mchezo huo, si kwenye Olimpiki, si kwenye Paralimpiki. Wanaume wenye miguu miwili mizima walijaribu, wakarudi mikono mitupu. Wanawake wenye miguu miwili mizima walijaribu, wakarudi mikono mitupu.

Aliyekuja kuivunja miaka hiyo 32 ni msichana mwenye ulemavu wa mguu.

Soma tena sentensi hiyo, kisha mtazame mtoto uliyemfungia.

Mzazi, jiulize! Ingekuwaje kama Mariam angezaliwa kwenye nyumba yenye aibu zaidi kuliko upendo? Ingekuwaje kama kila alipoomba kucheza angeambiwa kaa, utaumia? Ingekuwaje kama hakuna mtu mzima aliyesimama na kusema, mwacheni ajaribu? Leo Afrika nzima ingekuwa bado inasubiri. Na isingejua inamsubiri nani, kwa sababu asingeonekana.

Ni wangapi tunaowasubiri hivyo sasa hivi? Ni wangapi wako vyumbani, nyuma ya pazia, wakisikiliza kelele za wenzao barabarani? Mungu anawajua kwa majina. Na wewe unamjua mmoja!

Tazama alivyofika huko. Mariam hakuanzia kwenye mashindano ya watu wenye ulemavu. Alianza kucheza pamoja na wasio na ulemavu, uwanja ule ule, wavu ule ule, kinyoya kile kile. Ndipo kocha, Bello Oyebanji, akamwona, akatambua kuwa uko mlango mwingine, akamwelekeza. Mtu mmoja aliangalia vizuri! Wengine walimwona msichana anayechechemea. Yeye aliona mchezaji.

Na huko India, katika mji wa Jalandhar, kocha Gaurav Khanna alikutana barabarani na msichana mwenye mkono wa kushoto usiokua kikamilifu. Hakuwa anamfahamu. Alimsimamisha, akamuuliza habari zake, akamwambia habari za mchezo huu. Msichana yule ni Palak Kohli. Miaka michache baadaye alikuwa Tokyo, kwenye Paralimpiki, akiwa bado kijana wa miaka 19.

Swali moja la barabarani! Na wewe umepishana na wangapi bila kuwauliza neno?

Sasa fungua masikio yako kwa hili, maana hapa ndipo wengi wanapoangamia. Wanasema: mlango ukifunguliwa, tutamwandaa. Wanasema: serikali ikianzisha, tutamwandaa. Wanasema: mfadhili akipatikana, tutamwandaa.

Sikilizeni yaliyotokea! Badminton ya watu wenye ulemavu ilichezwa kwa mara ya kwanza kwenye Paralimpiki za Tokyo, zile za mwaka 2020 zilizofanyika 2021 kwa sababu ya korona. Kulikuwa na medali za mashindano 14. Lakini kundi la Mariam, wanawake wanaocheza mmoja mmoja katika daraja la SL3, la wenye ulemavu wa mguu unaowapa taabu kutembea, halikuwamo. Halikuwekwa! Mwanamke wa daraja hilo aliyetaka kusimama peke yake na kuitwa bingwa wa Paralimpiki hakuwa na mahali.

Je, Mariam aliitupa raketi? Je, alisema nitaanza watakapotukubali? Je, alikwenda kulala?

Aliendelea. Alifanya mazoezi wakati mlango umefungwa. Alisafiri, alicheza, alipanda kwenye orodha ya wachezaji bora duniani wakati mlango bado umefungwa. Na ulipofika mwaka 2024, Paris ikaongeza mashindano hadi 16, na miongoni mwa yaliyoongezwa yakawamo ya wanawake wa SL3. Mlango ulifunguka, na yeye alikuwa amesimama kizingitini, jasho limemtoka, viatu amevifunga.

Angengoja ufunguke ndipo aanze, angeingia lini?

Huo ndio ukweli unaoujua na kuukwepa: mlango hauwasubiri walio vitandani. Unafunguka siku yake, unapitisha walio tayari, na wengine wanabaki kusimulia. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako!

Na milango imekuwa ikifunguka muda mrefu, ndugu yangu, huku sisi tukisinzia. Mwaka 1998 yalifanyika mashindano ya kwanza ya dunia ya mchezo huu, katika mji wa Amersfoort, Uholanzi. Mwaka 2011 Shirikisho la Badminton Duniani liliuchukua na kuuweka chini ya mwavuli mmoja na badminton nyingine. Mwaka 2014 ukakubaliwa kuingia Paralimpiki. Ishara baada ya ishara, mwito baada ya mwito, mlango baada ya mlango. Nani atasema hakuitwa?

Lakini nakusikia. Nakusikia ukinung'unika kimoyomoyo. Unazo sababu zako, umezipanga vizuri, umezitunza miaka mingi. Zilete hapa tuzitazame, moja moja, mchana kweupe!

Unasema: mtoto wangu hawezi kukimbia uwanja mzima.

Nani amekuambia akimbie uwanja mzima? Wenye mchezo walikwisha kuliwaza jambo hilo kabla yako. Daraja la SL3 ni la watu ambao ulemavu wa mguu au miguu unawapa taabu kubwa kutembea na kukimbia, na wanapocheza mmoja mmoja wanatumia nusu ya uwanja kwa upana. Wenye viti vya magurudumu, madaraja ya WH1 na WH2, nao wakicheza mmoja mmoja hutumia nusu ya uwanja. SL4 ni la wenye ulemavu wa mguu ulio mwepesi kidogo. SU5 ni la wenye ulemavu wa mkono. SH6 ni la watu wenye kimo kifupi. Kabla ya kushindana kimataifa, mchezaji huchunguzwa na wataalamu ili apangwe na wanaolingana naye.

Umeona? Wamepima, wamegawa, wamepanga, ili mwanao asionewe. Sheria zimeupunguza uwanja, na wewe unaongeza visingizio!

Unasema: lakini yeye hakuzaliwa hivi, ni ajali, moyo wake umevunjika.

Basi mpe habari za Daiki Kajiwara wa Japani. Alikuwa mwanafunzi wa shule ya kati, mvulana mwenye afya tele, ajali ya barabarani ikamkata mguu wa kulia. Akakaa kwenye kiti cha magurudumu, akashika raketi. Huko Tokyo, akiwa na miaka 19, akatwaa dhahabu ya daraja la WH2. Huko Paris akaitwaa tena!

Mpe habari za Nitesh Kumar wa India. Mwaka 2009, akiwa kijana, ajali ya treni ilimwondolea mguu. Alilala kitandani miezi mingi. Akainuka, akasoma uhandisi, akaujua mchezo huu akiwa chuoni. Mwaka 2024 alisimama kwenye fainali ya Paris ya wanaume wa SL3 dhidi ya Daniel Bethell wa Uingereza. Seti ya kwanza akachukua, 21 kwa 14. Ya pili akapoteza, 21 kwa 18. Ya tatu ikawa moto, ikapita pointi 20, ikaisha 23 kwa 21. Dhahabu!

Pointi mbili! Mtu aliyelazwa kitandani, aliyefikiriwa amekwisha, alipigania pointi mbili hadi pumzi ya mwisho akazipata. Na wewe umeshamzika mwanao ambaye bado anapumua?

Unasema: sisi ni maskini, hiyo ni michezo ya Wazungu na matajiri.

Nigeria si nchi ya Wazungu. Na sasa nakuambia jambo ambalo wakubwa wa michezo wanapaswa kulisikia wakiwa wamesimama. Agosti 2024, timu ya Olimpiki ya Nigeria, nchi yenye watu zaidi ya milioni 200, ilirudi kutoka Paris bila medali hata moja. Hata moja! Wiki chache baadaye, timu ya Paralimpiki ya nchi hiyo hiyo, katika jiji hilo hilo, ilitwaa medali 7: dhahabu 2, fedha 3, shaba 2. Moja ya zile shaba ni ya Mariam.

Hao ndio watu wanaopewa fungu la mwisho. Hao ndio watu wanaokumbukwa hotuba zikishakwisha. Hao ndio walioipandisha bendera!

Sikufichi: kiti cha magurudumu cha michezo ni ghali, na safari za mashindano ni ghali zaidi. Wachezaji wengi wa Afrika hukosa mashindano kwa kukosa nauli, si kwa kukosa kipaji. Hilo ni dhambi ya wenye madaraka, na nitawafikia. Lakini kuanza si ghali hivyo. Raketi mbili zinatosha kuanza. Kamba iliyofungwa kati ya miti miwili inatosha kuanza. Kinyoya kimoja, chenye uzito usiofika hata gramu sita, kinatosha kuanza. Hujashindwa na bei ya kiti. Umeshindwa na kufungua mlango wa chumba!

Unasema: watu watamcheka.

Watacheka. Wacha wacheke! Watacheka siku ya kwanza, watatazama siku ya pili, siku ya tatu wataomba kucheza naye. Na hata wasipoacha, kicheko cha mtaani hakijamlemaza mtoto yeyote kuliko kufichwa na mama yake mwenyewe. Kicheko cha jirani kinamwambia: wewe ni tofauti. Mlango uliofungwa na wazazi wake unamwambia: wewe ni aibu. Kipi kinaua?

Unasema: ni mbali mno.

Kampala ni mbali? Uganda imekuwa ikiandaa mashindano ya kimataifa ya mchezo huu mjini Kampala, pale Lugogo, na wachezaji wanatoka India, wanatoka Ulaya, wanatoka Nigeria kuja kuyacheza. Mariam mwenyewe amecheza huko. Wanavuka bahari na mabara kuja mlangoni petu! Na sisi wa Bukoba, sisi wa Kisumu, sisi wa Kigali, tulio umbali wa safari ya basi, tunasema ni mbali.

Basi, sababu zako zimekwisha. Umebaki wewe na uamuzi.

Chagua! Leo umewekewa njia mbili, na hakuna ya tatu. Iko njia ya kumtoa, yenye vumbi, yenye maswali ya majirani, yenye kuanguka na kuinuka. Iko njia ya kumficha, yenye ukimya, yenye kivuli, yenye usalama wa uongo. Ya kwanza inaonekana ngumu asubuhi na inalipa jioni. Ya pili inaonekana rahisi asubuhi, na jioni yake inatisha.

Niruhusu nikuonyeshe jioni hiyo, kwa kuwa nakupenda na sitaki uifikie.

Mwili usiochezeshwa unadhoofika. Misuli iliyo mizima inanyong'onyea kwa kukosa kazi, viungo vinakakamaa, na mtoto aliyekuwa na mguu mmoja dhaifu anaishia kuwa na mwili mzima dhaifu. Moyo usiotumwa unalala. Mtoto asiyewahi kushindana hajui kushindwa na kurudi, hajui kushinda na kushukuru, hajui jina lake likiitwa na watu wengi kwa furaha. Na miaka haimngoji mtu. Akiwa na miaka kumi anauliza, mbona mimi siendi? Akiwa na miaka kumi na tano haulizi tena. Akiwa na miaka ishirini anakubali kuwa hafai, na neno hilo amelipata kwako!

Utamwambia nini siku hiyo? Utamwambia ulimpenda? Utamwambia ulimlinda? Utamwambia ulikuwa unasubiri?

Mtoto ni amana. Hukumnunua, hukumuumba, hukumchagulia viungo vyake. Umekabidhiwa. Na mwenye amana yake atakuuliza, na hatakuuliza kwa nini mtoto alikuwa na mguu mfupi. Hilo analijua. Atakuuliza ulimfanyia nini.

Usinielewe vibaya. Sikuahidi medali! Anayekuahidi medali anakudanganya. Wachezaji waliofika Paris katika mchezo huu walikuwa 120 tu, kutoka dunia nzima. Wengi wa watoto tunaowatoa ndani leo hawatapanda ndege. Hawatavishwa kitu shingoni. Hawataimbiwa wimbo wa taifa.

Na bado nasema: watoe! Watoe kwa sababu kucheza ni haki ya mtoto, awe bingwa asiwe bingwa. Watoe kwa sababu mtoto aliyekimbilia kinyoya akakikosa amepata zaidi ya mtoto aliyekalia kitanda. Watoe kwa sababu haki hiyo imeandikwa: Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, katika ibara yake ya 30, unazitaka nchi ziwawezeshe watu hawa kushiriki michezo kama wengine, na unawataja watoto waziwazi, hadi michezo ya shuleni. Kenya na Uganda ziliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009. Mwaka 2010 Tanzania ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Tumesaini, tumetunga, tumepiga makofi. Kutekeleza je?

Sasa nageukia wengine, maana mzazi hakosei peke yake.

Mwalimu! Wewe unayemtuma mtoto mwenye ulemavu akashike mabegi ya wenzake wakati wa michezo, acha! Acha leo! Hajaletwa shuleni kulinda viatu. Mpe raketi, mpe zamu, mpe jina kwenye orodha. Punguza uwanja, sogeza mstari, badilisha sheria kidogo, kama wakubwa wa mchezo walivyofanya. Hakuna shirika la kimataifa linalohitajika ili uchore mstari wa chokaa katikati ya kiwanja cha shule.

Kiongozi! Diwani, mwenyekiti wa mtaa, afisa michezo, kiongozi wa chama cha michezo! Unapiga picha na wanariadha hawa wakirudi na medali. Ulikuwa wapi walipokuwa wanatafuta nauli? Ukumbi wako una ngazi nane na hauna njia ya kiti. Bajeti yako ina fungu la chai na haina fungu la vinyoya. Unajua. Miaka yote umejua. Geuka kabla muhula wako haujaisha, maana jengo utaliacha, cheo utakiacha, na kilichobaki ni kile ulichowatendea wasio na sauti.

Imamu, mchungaji, padri, katekista! Mnahubiri huruma, na ni vyema. Lakini mlango wa nyumba yenu ya ibada unapitika kwa kiti cha magurudumu? Waumini wenu wanajua kuwa ulemavu si laana? Mmelisema waziwazi, kwa sauti, mimbarini na madhabahuni, au mmewaachia wachawi walisemee? Semeni! Semeni Ijumaa hii! Semeni Jumapili hii!

Na wewe, kijana mwenyewe. Wewe unayesoma haya ukiwa na mguu usiokutii, au mkono mmoja, au kimo ambacho watu hukitazama mara mbili. Nimesema sana na walio karibu nawe. Sasa nasema nawe uso kwa uso.

Umeumizwa, najua. Umechekwa, umesahauliwa, umeonewa huruma, na huenda huruma ndiyo iliyokuuma kuliko vyote. Lakini usiufanye uchungu kuwa nyumba yako. Wengine wamekufungia kwa nje. Usijifungie na kwa ndani!

Mkumbuke Mariam siku aliyoshindwa. Ndiyo, alishindwa! Kule Paris aliwashinda wapinzani, akamtoa Mandeep Kaur wa India katika robo fainali, akaingia nusu fainali huku taifa zima likiota dhahabu. Akapoteza. Ndoto ya dhahabu ikafa mbele ya macho ya dunia, akiwa na miaka 18, mbali na kwao.

Hapo ndipo mtu anapojulikana. Angeweza kulia na kukata tamaa. Angeweza kusema Waafrika hatujawahi, hata mimi siwezi. Angeweza kuingia mchezo wa shaba akiwa mwili bila moyo, akapigwa, akarudi, na hakuna ambaye angemlaumu.

Aliinuka! Alirudi uwanjani, akashika raketi, akamkabili Kozyna, na shaba ile ikawa ya kwanza kwa bara zima. Mlango wa historia ulikuwa kwenye mchezo uliofuata, baada ya kushindwa. Kama angevunjika moyo baada ya kipigo, asingeuona.

Kijana, umepigwa nusu fainali ngapi? Inuka ukacheze mchezo unaofuata! Kama huna badminton, tafuta kuogelea. Kama huna kuogelea, tafuta kunyanyua vitu vizito. Kama huna chochote, waite wenzako wawili, mwanzishe. Usingoje kupendwa ndipo uanze. Usingoje kuaminiwa ndipo uanze. Usingoje kupona ndipo uanze!

Ndugu msomaji, nimemaliza kueleza. Limebaki la kutenda, na la kutenda haliko mbali nawe.

Leo, kabla hujalala, mwite mtoto huyo kwa jina lake. Muulize swali ambalo pengine hajawahi kuulizwa: ungependa kucheza nini? Kisha nyamaza, umsikilize hadi amalize.

Kesho asubuhi mpeleke kwa daktari au mtaalamu wa viungo, umuulize mazoezi gani yanamfaa na yapi yatamdhuru. Kesho hiyo hiyo nenda shuleni, umwambie mwalimu mkuu kuwa mwanao ataingia kwenye michezo, na usiondoke kabla jina halijaandikwa. Wiki hii ulizia kamati ya Paralimpiki ya nchi yako, ulizia chama cha badminton, ulizia chama cha watu wenye ulemavu kilicho karibu. Wakikuambia hakuna, rudi kesho yake. Wakikuambia subiri, kaa hapo hapo usubiri ukiwatazama. Wakikufukuza, rudi na wazazi wenzako kumi!

Na umsindikize mwenyewe. Jua kocha ni nani, anafundishia wapi, nani mwingine yupo. Mtoto huyu ametoka gizani. Usimkabidhi kwa mtu usiyemjua ukaenda zako.

Kama huna mtoto wa aina hiyo, unaye jirani. Bisha hodi kwake leo. Usiende na pole, usiende na mchango, usiende na maneno ya faraja. Nenda na mwaliko: Jumamosi wanangu wanacheza, mlete na wako.

Usiseme utalifikiria. Umelifikiria miaka mingi! Usiseme unaomba kwanza. Umeomba, na jibu umelipata, liko chumbani kwako, lina macho mawili linakutazama! Usiseme mwakani. Mwakani mtoto atakuwa na mwaka mmoja zaidi wa kuamini kuwa hafai.

Mariam Eniola Bolaji alikuwa na miaka 18 alipoipa Afrika medali yake ya kwanza ya badminton. Mwanao ana miaka mingapi?

Inuka, mshike mkono, mtoke nje.